Saa mbili usiku: kosa langu katika nyumba ya wazee

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, sehemu ya tatu, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na jambo moyoni ambalo sikujua nianzie wapi kulisimulia. Leo nimeamua kuanzia mwanzo, hata kama halinipambi. Somo la hifadhidata lingalipo, ila mtalipata kwa njia tofauti kidogo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba tangu nimalize shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi, riziki yangu imekuwa programu za kawaida: duka la dawa hapa, chama cha akiba na mikopo pale, shule inayotaka kuchapisha ripoti za wanafunzi. Basi mwaka jana rafiki yangu mmoja akaniambia kuna nyumba ya wazee nje kidogo ya Nairobi inayotafuta mtu wa kuwatengenezea programu ya kumbukumbu. Nyumba yenyewe inaendeshwa na kanisa. Ina wazee 34, tarakilishi moja kuukuu kwenye meza ya wauguzi, na stima inayopotea wakati inaotaka. Pesa hazikuwa nyingi. Nilikubali kwa sababu nilidhani ni kazi rahisi. Wazee 34! Mimi niliyeshughulikia wanachama elfu nne wa chama cha akiba!

Siku ya kwanza matroni alinizungusha vyumba vyote. Kila mzee alimwita kwa cheo chake: guka, shosho, nyanya, mzee. Halafu akaniketisha ofisini akaniuliza, "Kijana wangu, unajua watu huja hapa kufanya nini?" Nikajibu, kutunzwa. Akasema, "Ndiyo. Na pia huja kufa. Kama programu yako haijui hilo, haitatusaidia."

Nilikuwa nimeandaa orodha ya maswali kuhusu nywila na printa. Niliikunja.

Hapa Kenya wazee wengi bado huishi na kufia nyumbani kwao, mikononi mwa jamaa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na serikali. Lakini wapo wasio na familia, wapo ambao watoto wao wako mbali, na wapo ambao ugonjwa umezidi uwezo wa wale waliobaki nyumbani. Hao ndio niliowakuta pale. Wengi hawatoki tena. Kwa hiyo swali kubwa la nyumba ile ni hili: mtu atamaliza vipi siku zake pale, bila maumivu asiyostahili, bila kuburutwa usiku hadi hospitali asiyoitaka, na bila kuwa peke yake?

Kazi hiyo ina jina: tiba shufaa. Ni matunzo ya mtu ambaye ugonjwa wake hautapona, yanayolenga kumwondolea maumivu na mahangaiko, yeye na jamaa zake. Si kukata tamaa, na si kumharakisha mtu. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kwanza, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, na kutoka hapo wazo likaenea. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Majirani zetu wa Uganda walipata Hospice Africa Uganda mwaka 1993, chini ya Dkt. Anne Merriman, na wakafika mbali: tangu mwaka 2004 sheria yao imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandikia wagonjwa mofini, kazi ambayo kwingi ni ya daktari peke yake. Mofini yenyewe haina makuu. Ni unga unaochanganywa na maji, mgonjwa anakunywa kutoka kwenye chupa ya plastiki.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani ambao matroni aliufupisha kwangu hivi: kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Kwa mdomo, maana dawa ya kunywa hutosha mara nyingi, sindano si lazima. Kwa ngazi, maana unaanza na dawa nyepesi na kupanda kadiri maumivu yanavyopanda. Na kwa saa, maana humngoji mgonjwa alie ndipo umpe dawa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Unampa, unahesabu saa nne, unampa tena kabla maumivu hayajarudi.

Shikeni hayo maneno, "kwa saa". Ndiyo sababu ya makala hii.

Niliandika programu kwa PHP na MySQL, ikakaa kwenye tarakilishi ile ile bila kutegemea intaneti. Shangazi yangu, mdogo wa baba, anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee Uingereza, na kila nilipokwama nilimpigia. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu utaratibu wa huko uitwao Gold Standards Framework, ulioanza mwaka 2000 kwa madaktari wa mitaa na baadaye ukaingia katika nyumba za wazee. Kila mkazi hupewa herufi na rangi. A ni bluu: tunatarajia ana mwaka au zaidi. B ni kijani: miezi. C ni manjano: majuma. D ni nyekundu: siku. Wauguzi hukaa pamoja na kujiulizana swali moja: je, tungeshangaa kama mtu huyu angefariki katika miezi 12 ijayo? Swali hilo si mizani ya dhahabu, hukosea mara nyingi. Faida yake ni kwamba linawalazimisha watu kuzungumza mapema, wakati mzee bado anaweza kusema anachotaka.

Mimi nikafurahi kama mtoto. Rangi nne! Hilo naliweza! Kufikia jioni jedwali lilikuwa tayari.

Nikaongeza sehemu ya dawa, sehemu ya kugeuzwa kitandani, sehemu ya matakwa ya mkazi, na kengele. Kengele ndiyo iliyonipa kiburi zaidi. Muuguzi akishaandika saa aliyotoa dawa, programu inajumlisha saa zilizoagizwa, na wakati ukifika tarakilishi inalia. Na yote kwa Kiswahili! Nilikuwa nimelalamika mara ngapi hapa kwamba programu za nchi hii zinawasemesha mama zetu Kiingereza? Sasa nilikuwa na yangu. Muuguzi alichapa tarakimu, kisha akachagua kwenye menyu: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Nadhani mwandishi yeyote wa programu aliyezaliwa Afrika Mashariki ameshaona shimo liko wapi. Mimi sikuliona.

Jumatatu tukaanza. Mchana kutwa mimi ndiye niliyekuwa kwenye kibodi, wauguzi wakinitajia na mimi nikiandika, nikitazama saa iliyo pembeni mwa skrini. Kila kitu kikaenda sawa. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, kwamba hakuna haja ya daftari tena. "Msihesabu saa. Ngojeni kengele." Daftari la dawa likafungiwa kabatini. Nikapanda matatu nikaenda nyumbani.

Katika chumba namba 4 alikuwamo guka mmoja mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno mwaka uliotangulia. Daktari wa tiba shufaa alikuwa amemwandikia mofini kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Jioni ile muuguzi alimpa dawa yake saa mbili usiku. Akaja kwenye tarakilishi akaandika kama mtu yeyote wa hapa angeandika: 2, usiku. Saa tatu akakabidhi zamu akaenda zake.

Sasa tazameni nilichokuwa nimeandika mimi. Nilikuwa nimetafsiri maneno yote ya programu kwa Kiswahili, lakini saa nikaziacha zikifikiri Kizungu. Kwenye msimbo wangu, 8 usiku ni saa mbili yetu, na 2 usiku ni saa nane yetu, usiku wa manane umekwisha kupita. Na kwa kuwa saa mbili ya Kizungu usiku ni ya tarehe inayofuata, nilikuwa nimeiambia programu kwa uangalifu mkubwa kwamba saa za namna hiyo zikiandikwa jioni, zihesabiwe kesho. Kwa hiyo programu ikaelewa kwamba guka amepewa dawa kesho yake saa nane za usiku. Ikakubali bila kuuliza dawa iliyotolewa saa ambayo haijafika! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweka kizuizi hapo. Ikajumlisha saa nne, ikapanga kengele ilie 06:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Ilipaswa kulia saa sita usiku.

Muuguzi wa usiku alipoitazama skrini aliona mstari mmoja tu: dozi inayofuata, 06:00. Dozi iliyopita hakuiona kwa sababu nilikuwa nimeificha. Nilitaka skrini iwe safi.

Saa sita usiku kengele haikulia. Nyumba nzima ilikuwa imeambiwa ingoje kengele.

Asubuhi nilifika saa tatu nikitarajia pongezi. Matroni hakusema kitu. Alinipa kijitabu kidogo, cha aina ile ya shilingi chache dukani, ambacho mhudumu mmoja wa usiku, mama wa makamo, hukiweka mfukoni mwa aproni yake. Hakuwa amekiacha, ingawa nilisema hakuna haja ya kuandika. Kilikuwa na mistari minne kuhusu chumba namba 4:

Saa 2 dawa amepewa.
Saa 7 analia.
Saa 9 analia, tumemgeuza, amezidi.
Saa 11 anashika chuma cha kitanda, hataki kuachilia.

Nilikaa chini na msimbo wangu nikalipata kosa kwa muda usiofika dakika tano. Kulisahihisha kulichukua dakika kumi zaidi. Hesabu hizo mbili zimenisumbua kuliko kitu kingine chochote. Dakika kumi na tano za kazi yangu, na upande wa pili, muda wa saa sita za mtu asiye na sauti, ameshika chuma cha kitanda.

Mtauliza, kwa nini wale waliokuwapo hawakumpa dawa? Nami niliuliza, kwa pupa ya mtu anayetafuta wa kugawana naye lawama. Walidhani ni kuchanganyikiwa. Wazee wengi hulia usiku kwa sababu nyingi, na mashine ilisema dawa bado. Mashine ikishasema, mtu huanza kutilia shaka macho yake mwenyewe. Hilo ndilo nililowafundisha mimi.

Matroni akaniambia, "Binti yake huja Jumapili. Utamwambia wewe."

Jumapili nikaenda. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu saa za Kiswahili na za Kizungu. Yule mama, mwalimu wa shule ya msingi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Baba alilia muda gani?" Nikamwambia. Alinyamaza kwa muda, akitazama mikono ya babake juu ya blanketi. La pili: "Kuna mwingine aliyeumia?" Nikamwambia hapana, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na dawa ya saa ile. Akasema, "Basi hakikisha." Hakunisamehe kwa maneno, na mimi sikuomba maneno hayo. Alinisogezea kiti kingine, nikakaa nao kidogo.

Tangu hapo niliifumua programu upya, mara hii nikiwa nimekaa zamu tatu za usiku pale pale badala ya kubuni nikiwa nyumbani. Niwaeleze niliyobadilisha, kwa kuwa hii bado ni kurasa ya teknolojia.

Kwanza, haiulizi tena saa ikiwa haina haja. Kuna kitufe kimoja kikubwa: "Nimempa sasa hivi." Saa inatoka kwenye tarakilishi. Anayechelewa kuandika anachagua "nusu saa iliyopita" au "saa moja iliyopita". Na wakati wowote ukionyeshwa, unaandikwa kwa maneno, saa sita usiku, na tarakimu zake kando, 00:00. Saa ambayo haijafika haikubaliki.

Pili, dozi iliyopita inaonekana juu ya inayofuata, na jina la aliyeitoa. Skrini si safi tena. Sawa tu.

Tatu, daftari lilitoka kabatini. Dawa ya maumivu inaandikwa kwenye daftari na kwenye tarakilishi, na anayeingia zamu husoma vyote viwili kwa sauti. Vikitofautiana, mgonjwa ndiye anayekwenda kutazamwa kwanza.

Nne, na hili nililipata kwa shangazi, tuliweka kipimo cha maumivu kwa wasioweza kusema. Kinaitwa PAINAD, kilichapishwa mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu na maneno, lakini matroni alikubali kitumike pia kwa guka baada ya kumwuliza daktari. Unatazama mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anafarijika ukimsemesha au kumgusa. Kila moja sifuri hadi mbili, jumla kumi. Kwa hicho, yule mhudumu mwenye kijitabu asingehitaji kubishana na kengele. Kushika chuma cha kitanda kuna alama yake. Sauti ya kilio ina alama yake. Alama zikipanda, muuguzi anaitwa na daktari anapigiwa simu, hata kama tarakilishi imenyamaza.

Nilidhani yameisha. Hayakuwa yameisha.

Mwezi uliofuata bodi ya nyumba iliomba ripoti. Nikachapisha kumbukumbu za kuwageuza wazee kitandani. Wasioweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili ili wasipate vidonda vya kulalia. Ripoti ilikuwa nzuri mno: kila mzee, kila usiku, kila saa mbili, tiki, tiki, tiki. Lakini hifadhidata huweka pia wakati halisi ambao kila mstari uliingizwa, na huo mtumiaji haoni. Tiki zote za usiku mzima ziliingizwa kati ya saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri na saa kumi na mbili kasorobo. Usiku baada ya usiku.

Nikaona wahudumu wanadanganya. Nilikuwa na ushahidi wa majina na dakika. Kabla ya kuupeleka kwenye bodi nilimpigia shangazi, na badala ya kunisifu akaniambia kisa cha Liverpool.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari na wauguzi wa hospitali moja kubwa ya Liverpool na hospisi ya Marie Curie ya mji huo walitengeneza utaratibu ulioitwa Liverpool Care Pathway. Nia ilikuwa safi kabisa: matunzo mazuri ya hospisi yapelekwe wodini na kwenye nyumba za wazee kwa kufuata karatasi yenye hatua. Palipokuwa na wauguzi waliofunzwa na wenye muda, ulisaidia watu wengi. Lakini ulipoenezwa kwingi, mahali pengine karatasi ikageuka kazi yenyewe. Watu waliweka tiki. Jamaa walilalamika kwamba hawakuambiwa kitu, kwamba wazee wao walinyimwa hata maji ya kunywa. Serikali ikaunda jopo chini ya Baroness Julia Neuberger, na ripoti ya Julai 2013 ikapendekeza utaratibu huo uondolewe. Mwaka 2014 mahali pake pakaja mambo matano ya kuzingatiwa: kutambua kwamba mtu anakaribia kufa, kuzungumza naye kwa upole na ukweli, kumshirikisha yeye na jamaa zake, kuwategemeza jamaa, na kumpangia matunzo yake yeye kama yeye.

"Mwanangu," shangazi akasema, "kabla hujawashtaki, hesabu."

Nikahesabu. Wazee wasiojigeuza walikuwa 11. Kumgeuza mmoja vizuri, kumpangusa, kubadilisha shuka ikibidi, ni dakika kumi kwa wahudumu wawili pamoja. Jumla dakika 110. Duru ni kila dakika 120. Na wahudumu wa usiku walikuwa wawili tu, muuguzi akiwa na dawa za watu 34. Kwa maneno mengine, ratiba iliwaachia dakika kumi kila saa mbili kwa kila kitu kingine: wanaotaka choo, wanaoanguka, wanaolia, anayekufa na anayehitaji mtu wa kumshika mkono. Hakuna binadamu angeweza kutimiza ratiba ile na bado aje kwenye tarakilishi kila baada ya mzee mmoja. Waligeuza waliowahi kugeuza, na alfajiri wakaipa programu kile ilichotaka kusikia.

Nilipeleka hesabu hiyo kwenye bodi. Majina na dakika sikupeleka, ila nilimwonyesha matroni, maana yeye ana haki ya kujua. Bodi haikufurahi, lakini 110 kati ya 120 haihitaji shahada kuielewa. Baada ya miezi miwili wakaajiri mhudumu wa tatu wa usiku. Nami nikaondoa tiki. Sasa mhudumu anaandika neno moja au mawili kuhusu ngozi ya mzee na alivyolala, na anaruhusiwa kuandika "sikuwahi". Hilo neno "sikuwahi" limetufaa kuliko ripoti zote za awali. Ndilo linalotuonyesha ni usiku gani nyumba inalemewa.

Guka wa chumba namba 4 alifariki siku tisa baada ya usiku ule wa kwanza. Rangi yake ilibadilishwa kuwa nyekundu siku mbili kabla. Alikuwa ameacha kula, akilala karibu muda wote, mikono ikianza kuwa baridi. Nilijifunza pale kwamba mwili unaofunga safari hauhitaji tena chakula, na kumlazimisha mtu kumeza kunaweza kumpalia. Mjukuu mmoja alitaka guka awekewe maji ya mshipani. Matroni alikaa naye akamweleza kwa nini kulowesha midomo kwa kitambaa safi kungemsaidia zaidi, kisha akampa kitambaa. Kijana huyo aliifanya kazi hiyo usiku kucha. Binti alikuwapo. Dawa ilitolewa kwa saa, na daftari na tarakilishi vilikubaliana. Alfajiri pumzi zikawa za mbali mbali, halafu zikaisha.

Kwenye ukurasa wake, sehemu ya matakwa, kulikuwa na mistari miwili ambayo binti alimsaidia kutoa kwa kumwuliza maswali ya kuitikia kwa kichwa: asipelekwe hospitali, na mlango usifungwe. Mlango haukufungwa. Kwa siku chache hizo mbili za mwisho nyumba ile ilifanya kile alichotaka, na mimi nashukuru niliona, kwa sababu vinginevyo ningelibeba tu ule usiku wa kwanza.

Sasa, kwa ninyi mnaoandika programu. Najua wengi wenu mtaitwa kwenye kazi kama hizi, maana wazee wanaongezeka na jamaa wanatawanyika. Mkienda, laleni pale usiku mmoja kabla ya kuandika mstari wowote. Msiondoe daftari kabla ya mashine yenu kulala nalo kwa majuma kadhaa. Mtazame mtu mwenye kijitabu mfukoni, huyo ndiye mkaguzi wenu. Na kama mmetafsiri programu kwa Kiswahili, hakikisheni mmetafsiri na saa.

Na kwa sisi sote, hata tusiojua kibodi: ile sehemu ya matakwa ndiyo iliyokuwa tupu zaidi katika programu nzima. Kati ya wazee 34, waliokuwa wamewahi kuulizwa wanataka nini siku za mwisho hawakufika kumi. Hakuna msimbo unaoweza kulijaza pengo hilo. Lazima mtu avute kiti, aulize.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda nyumbani nikamwuliza nyanya yangu. Niliogopa angedhani namtakia mabaya. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, akanijibu kana kwamba nimemwuliza bei ya sukari. Hataki kuletwa Nairobi. Anataka awepo mtu wa kumsomea Zaburi, lakini si mjomba wangu, kwa sababu anasoma haraka. Na akichoka, tusimwekee simu sikioni ili jamaa wa mbali wamsalimie. "Waje," akasema, "ama wangoje."

Nimeyaandika yote matatu, na tarehe. Karatasi moja iko kwa mama, nyingine iko ndani ya Biblia yake. Kwenye tarakilishi pia nimeweka, ila hiyo ni nakala tu.

Haya, wasomaji. Juma lijalo, Mungu akipenda, hifadhidata sehemu ya tatu: namna ya kuhifadhi tarehe na saa. Nadhani sasa mnajua kwa nini nitaifundisha polepole.